Ramani za miinuko kwa droni: faida iko kwenye sentimita, na hasara pia

MFANYABIASHARA anayetafuta mahali pa kujenga ghala jijini Dar es Salaam hukutana na viwanja vya aina mbili. Vya juu ni ghali. Vya mabondeni ni nafuu, viko karibu na barabara kuu na masoko, na wakati wa kiangazi huonekana vikavu na tambarare kama uwanja wa mpira. Tofauti kati ya kiwanja kitakachohifadhi mali na kile kitakachoizamisha wakati wa masika inaweza kuwa nusu mita tu ya mwinuko. Nusu mita iliyotawanyika katika hekta nzima haionekani kwa macho.

Hesabu yake ni nyepesi. Kuinua kiwanja cha hekta moja, yaani mita za mraba 10,000, kwa sentimita 30 kunahitaji mita za ujazo 3,000 za kifusi kilichoshindiliwa. Tuseme tipa moja linabeba mita za ujazo 10, na tripu moja inauzwa Sh. 150,000. Hizo ni tripu 300 na Sh. milioni 45, kabla ya kuongeza kifusi cha ziada, kwa sababu udongo uliolegea ndani ya tipa hupungua unaposhindiliwa. Sasa, kama ramani iliyotumika kupanga kazi hiyo imekosea kwa sentimita 10, kosa hilo peke yake ni tripu 100 na Sh. milioni 15.

Ndiyo maana kazi ya kupima miinuko ya ardhi kwa picha za ndege ndogo zisizo na rubani, maarufu kama droni, imepata wateja miongoni mwa wakandarasi, wenye machimbo, wenye mashamba na halmashauri za miji. Ndege zenyewe zimeshuka bei na watoa huduma wameongezeka. Hata hivyo, wateja wengi hulipa wakidhani wananunua picha. Kinachonunuliwa hasa ni namba za urefu, na uhakika wa namba hizo hautokani na uzuri wa kamera. Unatokana zaidi na kazi inayofanyika chini, ardhini, kabla ndege haijaruka.

Picha inavyogeuka kuwa urefu

Picha moja haina urefu. Inaonyesha mti na kivuli chake, lakini haisemi mti ni wa mita ngapi. Urefu hupatikana pale kitu kimoja kinapoonekana katika picha zaidi ya moja, zilizopigwa kutoka sehemu tofauti. Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili kwa kunyoosha kidole mbele ya uso na kufumba jicho moja baada ya jingine. Kidole kitaonekana kuruka upande kwa upande. Kikiwa karibu kitaruka sana, kikiwa mbali kitaruka kidogo. Ubongo hutumia mruko huo kukadiria umbali, na kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa picha za droni.

Ndege hupangiwa njia zilizonyooka, ikienda na kurudi juu ya eneo kama trekta linalolima shamba. Kamera hupiga kwa vipindi vifupi, kiasi kwamba kila picha inaingiliana na ile ya mbele yake kwa asilimia 70 hadi 80, na njia moja inaingiliana na ya jirani kwa kiwango kinachokaribia hicho. Kwa mpango huo jiwe moja lililoko chini huonekana katika picha tano, nane au zaidi.

Programu ya kompyuta hutafuta alama zinazofanana katika picha hizo: kona ya bati, ufa wa barabara, kichuguu. Kutokana na maelfu ya alama hizo, inakokotoa wakati mmoja mambo mawili: kamera ilikuwa wapi kila ilipopiga, na kila alama iko wapi, pamoja na urefu wake. Matokeo yake ya kwanza ni wingu la nukta, mamilioni ya nukta, kila moja ikiwa na namba tatu: mashariki, kaskazini na urefu. Nukta hizo zikipangwa katika viraba vidogo, kila kiraba kikiwa na namba moja ya urefu, hupatikana kielelezo cha miinuko. Kutoka humo huchorwa mistari ya kontua, mteremko wa kila sehemu, na njia ambayo maji yatafuata.

Programu zinazojulikana zaidi katika kazi hii ni Pix4D na Agisoft Metashape, ambazo hulipiwa, na OpenDroneMap, ambayo ni ya bure. Kwa hiyo gharama ya programu haimzuii mtu kuanza.

Ukubwa wa pikseli si usahihi

Watoa huduma hupenda kutangaza ukubwa wa pikseli. Kamera ya kawaida ya pikseli milioni 20 ikipiga kutoka mita 100 hutoa picha ambayo kila pikseli inawakilisha karibu sentimita 3 za ardhi. Namba hiyo ni ya kweli, lakini inaeleza jinsi picha ilivyo kali. Haielezi kama urefu uliopatikana ni sahihi.

Ili kuelewa tofauti hiyo, inafaa kukumbuka ilikotoka kazi hii. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada. Takwimu hizo, zenye viraba vya mita 30, zilianza kutolewa bure kwa nchi nyingine mwaka 2014, na Afrika ndiyo iliyotangulia kupewa. Ni hazina kubwa kwa anayepanga bwawa au barabara ya kuvuka mkoa. Lakini lengo la usahihi wake lilikuwa kosa lisilozidi mita 16 za wima. Kwa mwenye kiwanja cha hekta moja bondeni, viraba vya mita 30 vyenye kosa la mita kadhaa havina msaada.

Droni hushusha kosa hilo kutoka mita hadi sentimita. Kazi iliyofanywa vizuri, yenye alama za ardhini, kwa kawaida hutoa kosa la wima ambalo ni kati ya mara moja na mara tatu ya ukubwa wa pikseli. Kwa pikseli ya sentimita 3, hiyo ni sentimita 3 hadi 9. Kazi iliyofanywa bila alama za ardhini inaweza kukosea kwa mita kadhaa, ilhali picha zake ni safi vilevile na rangi zake zinapendeza vilevile. Mteja akiziweka meza moja hawezi kuzitofautisha kwa kuzitazama.

Alama za ardhini

Droni ya kawaida hubeba kipokezi cha GPS chenye kosa la mita kadhaa, hasa kwa upande wa urefu. Dawa yake ni alama za udhibiti. Kabla ya kuruka, wapimaji hutawanya vibao au kupaka rangi ya msalaba ardhini katika pembe za eneo na katikati yake. Kila alama hupimwa kwa kipokezi cha kitaalamu kinachotoa usahihi wa sentimita moja au mbili. Baadaye kompyuta huelezwa kwamba msalaba unaoonekana katika picha fulani una urefu huu hasa, na kielelezo chote hurekebishwa kuufuata.

Alama zikikosekana, kuna kosa jingine ambalo wataalamu hulijua vizuri. Lenzi ya kamera hupinda mistari kidogo, na kompyuta ikikadiria vibaya upindaji huo, uwanja ulio tambarare hutoka kama bakuli au kama mgongo wa kobe. Ramani itaonyesha maji yakikusanyika katikati ya kiwanja ambako hayawezi kukusanyika, au yakikimbia kutoka mahali yanapotuama. Alama zikiwekwa pembeni tu, bila kuwekwa katikati, kosa hili linaweza kupita bila kuonekana.

Siku hizi zipo droni zenye vipokezi vya hali ya juu ambavyo hupunguza idadi ya alama zinazohitajika. Hata hizo hazijaondoa haja ya alama chache za ukaguzi. Hizi ni alama zilizopimwa ardhini lakini zikafichwa kwa kompyuta wakati wa kukokotoa. Kazi ikiisha, urefu uliotolewa na kielelezo hulinganishwa na urefu uliopimwa. Tofauti inayopatikana ndiyo cheti cha kazi hiyo, na mteja ana haki ya kuiona ikiwa imeandikwa.

Liko pia suala la urefu unaohesabiwa kutoka wapi. GPS hupima urefu kutoka umbo la dunia la kihesabu, wakati wajenzi hupima kutoka usawa wa bahari. Katika pwani ya Afrika Mashariki vipimo hivyo viwili hutofautiana kwa zaidi ya mita 20, kiasi kwamba mtu aliyesimama ufukweni huambiwa na GPS kuwa yuko chini ya sifuri. Ramani mbili za kiwanja kimoja, moja ya mwaka jana na nyingine ya mwaka huu, zikitumia misingi tofauti haziwezi kulinganishwa hadi zirekebishwe. Mkandarasi anayeshika ramani moja na mhandisi wa mitaro anayeshika nyingine wanaweza kugombana wiki nzima, wote wakiwa na namba zilizopimwa vizuri.

Somo la Dar es Salaam na Zanzibar

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu wilayani Kisarawe, hupita katikati ya Dar es Salaam na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi. Unapofika Jangwani mteremko ni mdogo sana, maji hayana haraka, na mchanga unaoletwa kutoka juu hutua na kujaza mkondo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa Jangwani imekwisha kuingiliwa na maji zaidi ya mara moja.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwa pamoja na wakazi wa kata husika, walichora nyumba, vichochoro na mitaro ya maeneo yanayofurika. Picha za droni zilitumika kama msingi wa ramani hizo. Jambo la kujifunza kwa mwekezaji ni kwamba picha hazikuachwa zijitosheleze. Wakazi waliulizwa maji hufika wapi, na mitaro ilifuatwa kwa miguu, kwa sababu kalavati lililoziba kwa takataka halionekani kutoka juu.

Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 mradi wa kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni, chini ya Kamisheni ya Ardhi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Benki ya Dunia. Zilitumika ndege nyepesi za mabawa aina ya eBee, ambazo hurushwa kwa mkono, na picha zake zilikuwa na pikseli ya takriban sentimita 7. Wanafunzi wa Zanzibar ndio waliofundishwa kuzirusha. Picha hizo ziliwekwa wazi kwa umma, jambo ambalo ni nadra, na mfanyabiashara anayetaka kujua eneo lilivyokuwa kabla ya ujenzi ana mahali pa kuanzia bila kulipa.

Fedha zinazofuata ramani za namna hii si ndogo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Katika kazi ya aina hiyo, mpaka kati ya kiwanja kitakachochukuliwa na kile kitakachobaki hutegemea mahali maji ya mafuriko yanapotarajiwa kufika, na mahali hapo hutokana na kielelezo cha miinuko. Kwa mwenye kibanda au ghala, kontua imekuwa mpaka wa mali yake.

Paa si ardhi

Kosa linalowagharimu wanunuzi zaidi ni kuchanganya vielelezo vya aina mbili. Droni huona kilicho juu kabisa: paa la bati, kilele cha mwembe, kontena lililoegeshwa, lori. Kielelezo kinachotoka moja kwa moja kwenye picha ni cha uso wa juu wa vitu vyote hivyo. Mhandisi wa mitaro hana haja na paa. Anahitaji kielelezo cha ardhi tupu, ambamo nyumba, miti na magari vimeondolewa, na mapengo yake yamejazwa kwa kukadiria kutoka sehemu za wazi zilizo jirani.

Mahali penye nafasi kati ya nyumba, makadirio hayo hufanikiwa. Mahali ambapo paa limegusana na paa, kama ilivyo katika mitaa iliyosongamana ya Tandale au Manzese, nukta za ardhini ni chache na makadirio hudhoofika. Chini ya mikoko na mashamba ya minazi yenye vichaka, kamera haioni ardhi kabisa. Hapo hutumika kifaa cha kupima kwa miale ya leza, ambayo baadhi yake hupenya kati ya majani hadi chini. Huduma hiyo ni ghali zaidi, na anayeihitaji ni vema ajue mapema badala ya kulipa mara mbili.

Daraja nalo huleta kosa lake. Katika kielelezo, daraja au barabara iliyo juu ya kalavati huonekana kama ukuta uliokatiza mto. Kompyuta ikiachiwa itengeneze njia ya maji, italijaza bonde lote nyuma ya daraja, na viwanja vizuri vitaonekana kuwa ndani ya bwawa. Mtaalamu anapaswa kukata uwazi katika kielelezo hicho mahali maji yanapopita kweli. Kinyume chake pia kipo: akikata uwazi mkubwa mahali penye kalavati dogo lililojaa mchanga, ramani itampa mteja matumaini yasiyokuwapo.

Maji yenyewe hayapimiki vizuri kwa picha. Uso wake hung'aa na kubadilika kati ya picha na picha, na kitako cha mto hakionekani. Kwa hiyo kina cha mkondo hupimwa kwa njia nyingine na kuunganishwa na ramani baadaye.

Lundo la kokoto ni fedha taslimu

Eneo ambalo droni hulipa haraka zaidi ni upimaji wa malundo: kokoto, mchanga, chokaa, makaa ya mawe, hata maganda ya korosho. Kwa njia ya zamani mpimaji hupanda juu ya lundo na kifaa chake, akapima pointi kadhaa, kisha akakisia umbo lililobaki. Lundo halisi halina umbo la pia. Lina mabega, mashimo na upande uliochotwa na buldoza. Droni hulipima kwa maelfu ya nukta, na hakuna mtu anayehatarisha maisha kwa kupanda juu ya mawe yanayoporomoka.

Hapa pia sentimita zina bei. Chukua lundo ambalo kitako chake ni mita 40 kwa 50, yaani mita za mraba 2,000. Kosa la sentimita 10 katika urefu wa kitako ni mita za ujazo 200. Kama mita moja ya ujazo inauzwa Sh. 30,000, kosa ni Sh. milioni 6, na anayenunua lundo zima kwa mkupuo anaweza kuzilipa bila kujua. Kitako ndicho chenye utata, kwa sababu kimefunikwa na lundo. Njia salama ni kupima sakafu ya yadi ikiwa tupu, kisha kulinganisha kila kipimo kipya na sakafu hiyo. Asiye na kipimo cha sakafu hulazimika kukisia kwa kufuata kingo za lundo.

Kisha kuna uzito. Kokoto au makaa huuzwa kwa tani, lakini droni hupima ujazo. Ili kupata tani, ujazo huzidishwa kwa uzito wa mita moja ya ujazo, na uzito huo hubadilika kwa unyevu na kwa jinsi lundo lilivyoshindiliwa. Kosa la asilimia 5 katika namba hiyo huleta kosa la asilimia 5 katika tani zote, hata kama droni imepima ujazo bila dosari. Muuzaji anayesifia ndege yake lakini hasemi alipataje uzito huo, amejibu nusu ya swali.

Wenye hisa wahusikeje?

Mwekezaji mdogo aliyenunua hisa za kampuni ya saruji au ya madini huenda akaona jambo hili haliko karibu naye. Liko karibu. Katika mizania ya kampuni za namna hiyo kuna mstari wa akiba ya mali ghafi na bidhaa, na sehemu ya akiba hiyo ni malundo yaliyo nje kwenye jua na mvua. Akiba ikiongezwa kwenye karatasi, gharama ya mauzo hushuka na faida hupanda. Akiba ikipunguzwa, faida hushuka nayo.

Viwango vya kimataifa vya ukaguzi humtaka mkaguzi ahudhurie zoezi la kuhesabu akiba pale akiba hiyo inapokuwa na uzito katika hesabu. Mwaka 2019 kampuni ya PwC nchini Uingereza ilitangaza kuwa imetumia droni kupima lundo la makaa ya mawe katika uliokuwa mtambo wa umeme wa Aberthaw, Wales, mali ya RWE, ikiwa ni sehemu ya ukaguzi wa hesabu. Ndege ilimaliza kwa takriban nusu saa kazi ambayo kwa kutembea huchukua saa kadhaa. Tangu hapo swali la mwenye hisa kwenye mkutano mkuu limekuwa rahisi kuuliza: malundo yalipimwa kwa njia gani, na nani, na tarehe ipi?

Kwa anayefikiria kununua droni na kufungua huduma, hesabu iangaliwe vizuri. Ndege ni sehemu ndogo ya mtaji. Kipokezi cha kitaalamu cha kupima alama za ardhini, kompyuta yenye nguvu, betri za akiba, vibali na bima hula fedha zaidi, na betri moja ya droni ndogo hudumu nusu saa au chini ya hapo. Kadiri programu zinavyorahisishwa na kila mtu anavyoweza kutoa picha nzuri, bei ya picha itazidi kushuka. Kitakachobaki na bei ni uhakika ulioandikwa na kusainiwa.

Sheria na mipaka yake

Nchini Tanzania droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) chini ya kanuni za mwaka 2018, na nchini Kenya na KCAA chini ya kanuni za mwaka 2020. Ndege husajiliwa, na kazi ya kibiashara huhitaji kibali. Katika nchi nyingi ukomo wa kuruka ni futi 400, yaani karibu mita 120 juu ya ardhi, na maeneo ya viwanja vya ndege na ya kijeshi yana masharti yake. Mteja anayemleta mtoa huduma asiye na kibali anaweza kujikuta kazi imesimamishwa katikati, huku tipa zikisubiri kwa kulipwa.

Izingatiwe pia kwamba ramani ya droni haithibitishi mpaka wa kiwanja. Ukuta unaoonekana kwenye picha unaweza kuwa umejengwa ndani ya ardhi ya jirani. Mipaka ya hati hufuata bikoni na upimaji ulioidhinishwa, unaofanywa na mpimaji aliyesajiliwa. Kielelezo cha miinuko kinasema maji yatakwenda wapi. Hakisemi ardhi ni ya nani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, alama za udhibiti zitakuwa ngapi, zitawekwa wapi, na zitapimwa kwa kifaa gani? Jibu la "ndege yetu ina GPS" halitoshi.

Pili, je, kutakuwa na alama za ukaguzi ambazo hazikutumika katika kukokotoa, na kosa la wima litaandikwa kwenye ripoti? Kama hapana, mteja apunguze bei au aondoke.

Tatu, kielelezo ni cha uso wa juu au cha ardhi tupu, na sehemu zilizokadiriwa chini ya miti na mapaa zimeonyeshwa wapi?

Nne, urefu unahesabiwa kutoka usawa wa bahari au kutoka umbo la kihesabu, na unaoana na ramani ya mkandarasi?

Tano, madaraja na makalavati yameshughulikiwaje, na kuna mtu aliyeyakagua kwa miguu?

Sita, kwa malundo, kitako kilipatikanaje na uzito wa mita ya ujazo ulipimwa au ulikisiwa?

Saba, mafaili yote, yaani picha, wingu la nukta na kielelezo, yatakabidhiwa kwa mteja? Anayepewa karatasi iliyochapishwa tu atalipa upya mwakani, wakati anayebaki na mafaili ataweza kulinganisha kipimo kipya na cha zamani na kuona udongo umehama kiasi gani.

Aidha, wakati wa kupiga picha uchaguliwe. Jua likiwa juu, vivuli ni vifupi. Majani yakiwa yamepungua mwishoni mwa kiangazi, ardhi huonekana zaidi. Upepo ukiwa mdogo asubuhi, ndege hutulia. Mteja asiyekuwa na haraka ya siku mbili hupata ramani bora kwa bei ileile.

Mwenye kununua kiwanja cha bondeni hana sababu ya kuogopa kila bonde. Vipo viwanja vya chini ambavyo kifusi cha sentimita 30 na mtaro mmoja vinavitosha, na faida ya kuwa karibu na soko hufidia gharama hiyo ndani ya muda mfupi. Vipo vingine ambavyo hata mita moja ya kifusi itayahamishia tu maji ghalani kwa jirani, na kesi itafuata. Kuvitofautisha ni kazi ya namba, na namba zikishapimwa ziwekwe kwenye daftari pamoja na risiti za tipa. Wahenga walikwisha sema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kwa anayefanya biashara juu ya ardhi, urefu wa ardhi hiyo nao ni mstari mmoja wa daftari.